Mtu Niliyemzeesha kwa Brashi

Mmeniomba niwaandikie habari za kazi, ninyi mliobaki na funguo za studio. Neema wenu alitaka nianze na vyeti vya maonyesho ya wilaya. Vyeti viko droo ya chini na panya wameshavisoma vya kutosha. Nitaanza na pazia la kupigia picha, kwa sababu mimi niliingia kwenye kazi ya picha kupitia kitambaa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa binti wa kijiji cha Nanyala ninayejua kuandika majina ya maduka, kazi niliyojifunza kwa kumshikia baba ngazi, mpaka mgongo wake ulipokataa nikapanda mimi. Bidhaa zilikuwa zimeanza kurudi madukani, Tunduma inajaa watu wa kila upande, na kila mwenye kibanda anataka jina lake lisomeke kutoka barabarani. Siku hiyo nilikuwa juu namalizia herufi za duka la nguo. Mzee mmoja mrefu mwenye kofia iliyodariziwa akasimama chini, akaniangalia mpaka nikaona aibu.

"Dada, unaweza kuchora eropleni?"

"Naweza," nikasema. Eropleni nilikuwa nimeiona angani tu, ndogo kama nzi.

Huyo alikuwa Mzee Mashaka, mtu wa Tabora, aliyekuja mpakani kuuza mafuta ya taa akaishia kufungua studio karibu na barabara ya forodha. Alinipa kitambaa cha marekani kilichoshonwa pande tatu, ndoo ya gundi na rangi za makopo, akanifungia chumba cha nyuma siku nne. Nilimchorea eropleni yenye madirisha makubwa na ngazi na mlango wa nyuma, yaani basi lenye mabawa. Wateja waliipenda sana. Akina mama wa Nakonde, upande wa Zambia, walivuka mpaka kuja kusimama kwenye ile ngazi na mizigo yao, wakisema *natotela*, asante kwa Kibemba, kabla hata picha haijatoka. Aliyewahi kupanda eropleni ya kweli alikuja mmoja tu, mganga wa wilaya, naye alikuwa mstaarabu akanyamaza.

Kwa miaka kama miwili kazi yangu ilikuwa mapazia na kupaka rangi picha za nyeusi na nyeupe kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti: mashavu, midomo, kitenge. Halafu macho ya mzee yakaanza kuvuja maji chumba cha giza, akaniingiza humo. Alinifundisha kupima muda wa picha kukaa kwenye dawa bila saa, kwa kusema bismillahi taratibu mara ishirini. Mimi Mmoravian nikatumia Baba Yetu, mara tatu na nusu. Picha zikatoka sawasawa, na yeye akacheka wiki nzima.

Aliponikabidhi na kamera, wateja walikuwa wakiingia na kuuliza, "Fundi yuko wapi?"

"Ndiye huyu," nawajibu.

"Hapana, fundi mwenyewe."

Mzee Mashaka alipowasikia alitoka na mswaki mdomoni akisema fundi mwenyewe ameenda Tabora, atarudi baada ya mwezi, wamsubiri pale pale kwenye benchi. Walikuwa wanakaa mbele ya kamera yangu haraka sana. Kwa hilo tu ningemshukuru mpaka leo.

Alikuwa na sheria moja ya nyumba: mteja asitoke mbaya kuliko alivyoingia. Kovu linafifishwa kwenye negativu kwa penseli. Kola iliyochanika inafunikwa na rangi. Aliyekonda anapunguziwa kivuli chini ya mashavu, kwa sababu huku kwetu picha ya mtu aliyekonda inaleta maswali ukweni. Niliishika sheria hiyo kwa mikono miwili. Nitawaeleza ilivyonigharimu.

Mzee alipofariki, familia yake iliniachia studio niiendeshe, na baadaye tukanunua kamera ya video, ile ya kubeba begani. Nilizunguka nayo kila mahali palipokuwa na harusi. Kamsamba nilikuwa nafunga mikanda kwenye kitenge kibichi isilegee kwa joto, na kwenye harusi moja ya wafugaji betri ilikufa kabla bwana harusi hajashuka kwenye trekta. Nikamwomba apande tena kesho yake. Alipanda, lakini kwa shati jingine, na mkwe wake anauliza mpaka leo.

Ni kazi hiyo ya kuhama kutoka chombo kimoja kwenda kingine iliyonifanya nifikiri juu ya wakati. Sikuwa nimesoma mahali. Niliona tu kwamba kamera ya picha inachukua muda wa kufumba jicho na kukugandishia. Video inachukua dakika na kukurudishia dakika zile zile, huwezi kuziharakisha bila watu kukimbia kama kuku. Zote mbili zinajua yaliyopita tu. Brashi peke yake ndiyo inayoweza kwenda mbele, kwa kuwa haidai mtu awepo. Miaka ya karibuni alipita mgeni mmoja mwenye miwani, akaona ukuta wetu wenye mbao za wateja, picha na televisheni, akauita sanaa ya wakati na kuuliza nilianza lini kuchanganya hivyo vitu. Mimi nilijua unaitwa kazi ya Mama Ambakisye.

Mama Ambakisye alikuwa mjane wa milimani Ileje, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Itumba. Alikuja mara ya kwanza wakati vyama vingi bado ni habari mpya, na fuko la maharage kichwani. Alikuwa na picha moja, ndogo ya kitambulisho, imepasuka pembeni. Ndani yake kijana wa miaka kumi na tisa ameinua kidevu.

"Huyu ni mwanangu wa pekee," akasema. "Alivuka kwenda Kitwe kwenye migodi. Aliandika barua moja, akanyamaza. Sasa mwanangu, hapa ni mtoto. Akirudi atakuwa mtu mzima, na mimi macho yanakwenda. Nataka nimchore... yaani wewe umchore alivyo sasa, nisije nikampita njiani."

Nilimwambia sijawahi kumwona huyo kijana.

"Baba yake alikuwa mnene. Anza hapo."

Nikachukua kipande cha plaiwudi nikamchora Ambakisye wa miaka ishirini na tano. Alipokuja kuchukua aliitazama muda mrefu, akasema, "Mnenepeshe kidogo. Kule wanakula nyama." Nikamnenepesha. Akaenda nayo imefungwa kwenye kanga.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, akarudi na ubao ule ule. Mtoto ameongeza mwaka, akasema, na mimi nimwongeze. Hapo ndipo mtindo wetu ulipoanza. Kila mwaka nilimpiga picha yule wa ubaoni kama alivyo, kisha nikamfunika kwa rangi na kumchora aliyemzidi mwaka mmoja juu yake. Ndiyo maana ule ubao una uzito wa ajabu. Nilimwazima kipara cha baba yake polepole, kuanzia kwenye paji. Mwaka mmoja mama aliomba saa ya mkononi. Mwaka mwingine akaomba suti, kwa kuwa jirani yake alikuwa na mwana mwenye suti Mbeya. Nilikubali kila kitu. Asitoke mbaya kuliko alivyoingia.

Na yeye mwenyewe nilimrekodi. Alitaka kumtumia mwanawe salamu kwa mkanda, apewe yeyote anayekwenda Kitwe. Mara ya kwanza alipoiona kamera alikauka, asitoe neno. Kwa hiyo nikabuni njia: nawasha kamera kabla hajaingia, namwita kutoka nje, anatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti mbele ya pazia, na akishakaa anasahau. Anasema maneno machache. "Amba, mimi mzima. Ng'ombe yule mweusi amezaa. Maharage yametoka." Basi. Nakala zilivuka mpaka na wafanyabiashara na hatukusikia zilikofika. Mkanda wenyewe nilibaki nao, una jina lake, na kila mwaka niliendelea pale ulipoishia. Ikawa mara kumi na moja.

Nilikuwa najivunia ile kazi, niwaambie ukweli. Nilipopanga picha zote za ubao kwenye meza, nilimwona mtu akizeeka bila kuwepo. Nilijiona nimeshika kitu kikubwa.

Ilipofika mwaka wa kumi na mbili, wakati huo mmeanza kuniletea kamera za kadi, Mama Ambakisye alikuja nje ya msimu wake. Ubao alikuwa amembebesha mwanaume mmoja mwembamba, mvi kichwani, meno ya mbele hayapo. Akakaa kwenye benchi la nje, akamwacha yule mtu amesimama juani.

"Fundi Stela," akaniita. Siku zote alikuwa ananiita mwanangu. "Wewe ndiye unayeijua sura ya Ambakisye kila mwaka. Huyu amekuja kwangu juzi anasema ndiye. Mtazame uniambie."

Nikamtazama. Nikaweka ubao kando yake, na yule wa ubaoni alikuwa na shingo ya mkunjo mmoja, suti ya kijivu, saa. Huyu alikuwa na shati la kaunda lililofifia na mifupa ya mashavu imetokeza. Nikatafuta nakala yangu ya ile picha ya kitambulisho. Kidevu kile kinaweza kuwa chake. Kinaweza pia kuwa cha mtu yeyote aliyepita Nakonde asubuhi ile.

"Mama, jina la ng'ombe wetu nimelitaja," yule mwanaume akasema taratibu. "Kaburi la baba nimelionyesha."

"Hata majirani wanajua jina la ng'ombe. Hata matapeli wana masikio." Mama hakumwangalia. "Mwanangu ni mnene."

Miaka yote ile nilikuwa nimemchora mtu wa kumfungia huyu mlango.

"Mama," nikasema, "mimi sijui sura yake. Sikuwahi kuijua. Ule unene ni wako na wangu. Saa ni yako. Kipara nilikitoa kwa marehemu mumeo. Nilichora ulichopenda."

Alinigeukia. "Yaani ulikuwa unanidanganya?"

"Ndiyo, mama. Sikukusudia, lakini ndiyo."

Yule mwanaume akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Nilipoingia nyumbani nikamwona yule ukutani, nikasema, kumbe mwenzangu amenitangulia. Mgodi uliuzwa, bamayo, mama yangu, wakatupunguza kazini. Nikawa nasubiri nipate cha kuja nacho. Nikasubiri mpaka nikawa hivi." Akaokota kifurushi chake. "Kama haiwezekani, ngoja nivuke mapema kabla foleni ya malori haijawa ndefu."

Angevuka. Nilimwona anavyopima barabara kwa macho. Nami sikuwa na neno la kumshawishi mama, kwa sababu maneno yangu yalikuwa yameshapoteza kazi dakika ile. Nilichokuwa nacho ni vyombo tu. Picha ilikuwa imeshindwa, ubao ndio ulioleta balaa. Nikakumbuka mkanda.

"Kaka, kabla hujaenda, ingia ukae kwenye kile kiti nikupige hata moja ya kumbukumbu," nikamwambia. "Ngoja nje mpaka nikuite."

Nikawasha kamera pale mwisho wa mkanda wa mama yake. Nikaita. Akaingia, akakaa. Nikamwambia nimemaliza, akashangaa kwamba hajaona mwanga. Nikamwita na mama ndani, nikauingiza mkanda kwenye deki, nikaurudisha nyuma kidogo na kuwasha televisheni.

Kwanza akatokea Mama Ambakisye wa mwaka uliopita. Anafika kizingitini, anakigonga mara mbili kwa kisigino cha kulia kukung'uta matope, ingawa ni kiangazi. Anatembea na fimbo, bega moja limetangulia. Akifika kwenye kiti anakifuta kwa nyuma ya mkono wa kushoto, huku na huku, anakaa ukingoni, anashusha pumzi. Kisha picha ikakatika mistari mistari, ikatulia, na mlangoni amesimama mwanaume mwembamba mwenye shati la kaunda. Kisigino cha kulia, mara mbili. Bega limetangulia. Nyuma ya mkono wa kushoto, huku na huku. Ukingoni. Pumzi.

Mtu anaweza kusema watu wote wa milimani hukung'uta matope, na mimi nilikuwa na hofu mama atalisema hilo.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akasogea mpaka pua inakaribia kioo.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu akauliza, bila kugeuka, "Nani amemfundisha huyu kukaa kama mimi?"

"Sikujua nakaa hivyo," yule mwanaume akasema.

"Hata mimi sikujua."

Kisha akasema jambo kwa Kindali, lugha ya kwao milimani, refu, sauti iko chini. Mimi ni Mnyiha, sikupata kitu. Ambakisye akamjibu kwa Kindali hicho hicho, polepole kama mtu anayetafuta hatua gizani, na katikati ya kujibu akaanza kulia. Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakipapasa kama anayekagua mtungi kama umepasuka. "Umekonda, we mtoto," akamwambia. "Umekonda vibaya." Na mimi nikaenda nyuma kuosha brashi zilizokuwa safi.

Niliporudi niliwaahidi nitaukwangua ule ubao na kumchora Ambakisye alivyo kweli, bila kuwatoza hata senti. Mama akauvutia ubao kwake.

"Mwache huyu. Huyu ndiye aliyekaa na mimi. Nimemsalimia asubuhi miaka yote hiyo, leo nimkwangue kwa sababu mwenyewe amefika?" Akamgeukia mwanawe. "Utamzoea. Ni mtu mtaratibu, hana maneno."

Tulicheka wote, na mimi nilicheka zaidi kwa kusamehewa. Hakulitamka neno la kusamehe. Alianza tu kuniita mwanangu tena.

Vijana wangu, niliendelea na kazi miaka mingine kadhaa baada ya siku hiyo, na ya kompyuta na simu mnayajua kuliko mimi. Nimepewa mengi na kazi hii: Mzee Mashaka, mkono usiotetemeka, ukuta ambao wageni wanaupa majina. Lakini mkiniuliza ni siku gani nililipwa, ni ile, na bado sijamaliza kuielezea.

Kwa sababu kabla hawajaondoka Ambakisye aliuliza ule mkanda una nini mwanzoni. Nikamwambia ni mama yake, kila mwaka, akija kumsalimia. Akaomba auone wote. Nikaurudisha mpaka mwanzo, na akakaa chini sakafuni mbele ya televisheni kama mtoto wa shule.

Mama wa kwanza aliingia upesi, mgongo umenyooka, kanga mpya. Amba, mimi mzima. Akafuata wa pili, wa tatu. Ng'ombe mweusi amezaa. Mvua imechelewa. Mjomba wako ametuacha, tumemzika vizuri. Kila alipoingia mlango ulikuwa mbali zaidi na kiti, ingawa kiti sikuwahi kukisogeza. Mwaka wa sita alikuja na fimbo. Mwaka wa nane alisimama katikati kupumzika, akaangalia pazia la eropleni, kisha akaendelea. Kwa nusu saa hivi Ambakisye alimwona mama yake akizeeka mara moja, kila kitu alichokosa kikipita mbele yake kwa mpangilio, na hakuweza kukizuia wala kukiharakisha. Wa kumi na moja ilimchukua muda mrefu hata kufika kitini.

"Hapa alikuwa anaumwa?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana, kaka. Ni miaka tu."

Akataka nirudishe, amwone yule wa kwanza tena. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kwenye deki.

"Zima hiyo," Mama Ambakisye akasema kutoka kwenye kiti nyuma yetu. "Mimi niko hapa."

Nikazima.